Kibuyu cha Darasa la Tatu

Mimi nilikuwa napiga. Naanza na hilo ili asiyetaka kuendelea aachie hapa. Kwa miaka kumi na minne nilipiga watoto wa watu katika shule moja ya kata ya Bukiriro, wilayani Ngara, na nilipiga vizuri, kama mwenzangu anavyopika vizuri. Nilijua kuchagua fimbo ya mkaratusi inayopinda bila kukatika. Nilijua sehemu ya paja ambako alama haionekani chini ya sketi. Ofisini kulikuwa na kitabu cha adhabu, kwa kuwa sheria inataka kila kiboko kiandikwe, na kitabu hicho kilikuwa safi kama siku kilipotoka dukani.

Na mimi nilipigwa. Mwalimu wangu wa darasa la nne, kule kwetu Biharamulo, alinipiga vidole kwa rula ya chuma, na hadi leo kidole cha kati cha mkono wa kushoto hakinyooki. Nilimchukia kwa moyo wote. Kisha nikakua, nikasomea ualimu, nikapewa darasa, na siku ya kwanza watoto walipopiga kelele nikatafuta rula. Nikikemewa nilikuwa na jibu tayari: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo nimeitumia mpaka ikachakaa.

Sasa, mwaka huo wa kumi na nne nikatumwa semina ya siku tatu. Mada ilikuwa kumfanya mtoto awe mbunifu na mshiriki, asiwe wa kukaririshwa tu. Tulihesabu kwa vizibo vya soda. Tulikata maboksi tukatengeneza saa. Mwezeshaji alikuwa kijana wa sauti laini, hata nzi alimfukuza kwa heshima. Alituambia kwamba zana bora ya kufundishia ni ile inayotoka nyumbani kwa mtoto mwenyewe, kwa sababu mtoto akishika kitu anachokijua, maswali yatamtoka bila kulazimishwa. Nilimpenda yule kijana. Niliandika kila neno, nikarudi Ngara na manila zangu na kalamu za rangi nikiwa nimewaka moto.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa la tatu, watoto themanini na mmoja, nikatangaza: "Kuanzia leo mtakuwa wabunifu. Kila mtu alete zana kutoka nyumbani. Asiyeleta, fimbo nne."

Ndiyo. Nilisema hivyo, na sikuona kosa lolote.

Zana zikaja. Zilikuja kwa woga, lakini zilikuja. Watoto walileta chekecheo za mama zao, mizani mbovu ya kahawa, miguu ya vitanda, na mmoja akaleta nusu ya redio ya baba yake, nusu nyingine akiwa ameiacha mezani. Tukajaza kona nzima. Mwalimu mkuu alifurahi, akaleta wageni, wakapiga picha. Baada ya picha alichukua zana zote akazifungia kabatini ofisini watoto wasije wakaziharibu, na ufunguo akauweka mfukoni. Kwa hiyo watoto walichapwa ili walete, kisha wakakatazwa kugusa. Nilikuja kukiona kichekesho cha jambo hilo baadaye sana, na sikucheka.

Wiki ya tatu tulifika kwenye ujazo. Nikaagiza kila mtoto aje na chombo cha kupimia maji: chupa, kidumu, kopo, sufuria, chochote. Asubuhi hiyo kumi na mmoja walikuja mikono mitupu. Niliwapiga wote kumi na mmoja, na nilipofika wa mwisho nilikuwa natoka jasho, blauzi imenigandama mgongoni, na hasira zangu hazijaisha. Hapo ndipo msichana mmoja akabisha hodi mlangoni, amechelewa.

Alikuwa na miaka kama kumi. Mama yake alikwisha kufa, akalelewa na bibi yake mzaa mama, mmoja wa wale waliovuka kutoka Burundi zamani za vita na wakapata shamba hapa wakabaki. Kwao kulikuwa na kidumu kimoja, nacho kilikuwa kwenye foleni ya maji. Sufuria ilikuwa moja, nayo ilikuwa jikoni na maharage. Bibi alikuwa shambani. Mtoto alifikiri, akaogopa fimbo nne, akaingia chumba cha ndani na kuchukua kibuyu.

Ni lazima nieleze kibuyu hicho, maana mimi mwenyewe nilikuwa sikijui. Ni kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, ambacho Wahangaza na Warundi hukiita igisabo. Mwanamke hukaa kwenye mkeka, akakipakata mapajani, akakisukasuka mpaka siagi ijitenge. Huoshwa kwa taratibu zake, hufukizwa moshi, hutunzwa mahali pake, na nyumba iliyovunja kibuyu chake huhesabu kwamba imevunjika yenyewe. Bibi huyo alivuka mpaka wa nchi amekibeba mgongoni, mkononi akimshika binti yake mdogo, aliyekuja kuwa mama wa msichana huyu. Binti akafa, kibuyu kikabaki. Wafugaji wa kwetu Biharamulo wanavielewa vitu hivyo, lakini sisi nyumbani tulikuwa watu wa mihogo na mahindi. Mimi niliona kibuyu tu, tena kikubwa, kizuri kwa somo.

"Lete hapa," nikasema.

Hakuleta. Alikikumbatia kwa mikono miwili.

"Naomba nikishike mwenyewe, madam."

"Weka chini, ukae."

"Hakiwekwi chini, madam. Mpaka kiwe na ngata."

Nilicheka. Nikawaambia watoto, "Jamani, hata yai huwekwa chini, sembuse kibuyu!" Wachache walicheka kwa kuniogopa. Wengine, na hili nalikumbuka vizuri, walikuwa wanakitazama kibuyu wakiwa wamefumba vinywa. Niliona jeuri. Niliona mtoto aliyechelewa anabishana nami mbele ya darasa, na nikainua fimbo.

Mtoto ukimwinulia fimbo hukinga kichwa. Nimewaona mamia, wote hukinga kichwa. Huyu alinigeuzia mgongo, akajikunja juu ya kibuyu, akasubiri. Ya kwanza ilimpata begani. Ya pili na ya tatu mgongoni, na sweta lake likatoa vumbi. Hakulia, na kutolia kwake kukanizidishia hasira. Ya nne niliipiga kwa nguvu zangu zote, kwa pembeni, ikapita juu ya kiwiko chake ikatua kwenye kibuyu.

Hakikutoa mlio mkubwa. Kilipasuka kuanzia mdomoni hadi tumboni, kipande kikaanguka sakafuni.

Hapo ndipo alipolia. Alipiga yowe wanalopiga wanawake maiti inapotolewa ndani. Darasa zima likasimama. Nikasema, "Kaeni!" Hakuna aliyekaa. Katika miaka kumi na minne sikuwahi kusema kaeni watoto wasikae. Msichana akaokota vipande, akavifunga kwenye sweta, akatoka mbio.

Mwalimu mkuu alinikuta nimeshika fimbo bado. Alisikiliza, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto alianguka nacho njiani. Umenielewa? Alianguka. Nenda kwao ukaseme hivyo kabla maneno hayajasambaa, usijitie kitanzi." Nikaitikia kwa kichwa. Nikashika njia kwenda kwao mchana huo wa jua kali, nikilirudia neno moja tu mdomoni: alianguka, alianguka.

Nilifika kwenye ua wa minyaa nikasikia fimbo kabla sijaona mtu. Mwenye sikio la kazi hii hakosei. Mjomba wake, mwanaume mrefu aliyejenga jirani na mama yake, yule bibi, na kuchunga ng'ombe wao, alikuwa amemkamata chini ya migomba na anampiga kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe. Vipande vya kibuyu vilikuwa vimepangwa juu ya jani la mgomba. Aliponiona alisimamisha mkono, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo mwarimu."

"Marahaba," nikaitikia.

"Karibu. Nisubiri kidogo, namariza kumfundisha huyu."

Na mimi nikasubiri.

Alikuwa anauliza swali moja. "Nani amevunja?" Kisha fimbo. "Nani amevunja?" Kisha fimbo. Mtoto aliniona. Tulitazamana kupitia upenyo wa ua, hatua sita hivi. Angesema neno moja tu, mwalimu, na fimbo ingeacha. Hakusema. Aliniogopa mimi kuliko aliyekuwa anampiga. Mimi nilikuwa na neno langu mdomoni, alianguka, na hata hilo halikutoka. Nilisimama na mkoba wangu begani nikihesabu, kwa mazoea ya kazi. Nilihesabu tano.

Nimejitetea kwa mengi maishani, lakini kwa zile tano sina utetezi. Nilikuwa naogopa kazi yangu. Nilikuwa naogopa fimbo ile ya ng'ombe. Nilikuwa namwacha mtoto alipie.

Ya sita aliikinga kwa mkono, na mfupa ukalia. Hapo nikasema, "Ni mimi." Mjomba hakusikia. Nikapiga kelele, "Ni mimi niliyekivunja! Nilimpiga kikavunjika! Mwache!" Nikaruka ua, minyaa ikanichana miguu, nikaishika ile fimbo. Alinisukuma nikaangukia migomba, nikainuka nikaishika tena.

"Wewe?" akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kuwa padri ameiba sadaka.

Bibi alitokea bondeni na jembe begani, ameshaitwa na majirani. Alikuwa mwembamba, kiuno kimeinama, lakini mikono ya kulima. Aliangalia jani la mgomba. Alimwangalia mjukuu wake, aliyekuwa amekaa chini akishika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Nikamwambia mwenyewe, nikapiga magoti, nikasema shikamoo bibi, nikasema mimi ndiye. Hakuitikia. Alisema jambo kwa Kirundi, polepole, na mjomba akanitafsiria bila kunitazama: panya akikaa juu ya kibuyu cha maziwa, hakuna anayempiga kwa fimbo.

Kisha akageuza jembe, akanipiga kwa mpini.

Pigo moja. Lilinipata kwenye mtulinga, upande wa kushoto, nikalala kifudifudi kwenye majani makavu. Nilitaka alete la pili, nasema kweli, lakini mwanawe alimshika. Bibi alikuwa anapiga yowe lile lile la mjukuu wake.

Tulipelekwa kituo cha afya kwa bodaboda mbili. Tulikaa benchi moja kusubiri mganga, mimi na yule mtoto, mimi mkono wa kushoto umefungwa kwa kanga, yeye wa kulia umefungwa kwa sweta. Mimi nilikuwa na ufa kwenye mfupa. Yeye vidole viwili vilikuwa vimevunjika, kile cha mwisho na kinachokifuata, na havikuunga vizuri. Niliporudi shuleni nilichukua kitabu cha adhabu, nikaandika ukurasa wa kwanza: idadi ya viboko, jina langu, sababu. Kwenye sababu niliandika kwamba alileta zana. Nilipata barua ya onyo, na mwalimu mkuu hakunisalimu muhula mzima.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda hadi mnadani Nyakahura, wanakouza ng'ombe na vitu vya ng'ombe, nikanunua kibuyu kikubwa kuliko kile. Nikampelekea bibi. Alikipokea, akakigeuza, akakinusa ndani, akakitupa nje ya ua kikapasuka vipande vitatu. "Kibuyu si chumvi, hakinunuriwi," mjomba akatafsiri. "Anasema, karime." Yaani nikalime.

Msichana alirudi shuleni baada ya wiki tatu. Alikaa dawati la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mezani kwangu aliacha kifurushi cha jani la mgomba, ndani mbegu nane za kibuyu. Bibi yake ndiye aliyemtuma.

Sikujua kulima vibuyu. Kwa mara ya kwanza nilisimama mbele ya darasa bila jibu, nikawauliza kweli kweli: hizi zinapandwaje? Waliona ni mtego, na haki yao. Fimbo ilikuwa bado juu ya kabati. Nikaishusha, nikaivunja kwa goti, na bega likaniuma hata nikaona nyota. Watoto wakashtuka, wengine wakainama chini ya madawati, wakidhani ninavunja ili nigawe mbili. Mwishowe mmoja wa katikati akasema, bila kusimama, "Subiri mvua, madam."

Tukasubiri mvua. Tulipanda nyuma ya darasa, tukajenga kichanja cha miti. Walinifundisha kwamba kibuyu kichanga hakinyooshewi kidole, kitaoza. Ukitaka kukionyesha, kunja ngumi. Mimi, niliyeishi kwa kunyoosha kidole, nikajifunza kukunja. Kila Ijumaa tulizungusha kamba kwenye tumbo la kila kibuyu, tukaipima kwa rula, tukaandika kwenye manila. Maswali yakaja, yale aliyoyasema kijana wa semina. Kwa nini kinanenepa chini tu? Ndani kuna hewa au maji? Maji ya kibuyu kirefu na ya kifupi yanaweza kuwa sawa? Darasa lilikuwa na kelele hata mwalimu wa zamu alikuwa anachungulia dirishani na fimbo yake. Mikono ilikuwa inaniwasha. Siku nyingine nilitoka nje nikashika ukuta.

Siku moja nilikuta kiranja, msichana hodari niliyempenda, anamchapa mwenzake kwa kipande cha kichanja. Mwenzake alikuwa amekanyaga mmea wa kibuyu, damu inamtoka mdomoni. Nikamshika mkono. Alinitazama kwa uso safi kabisa.

"Namfundisha, madam," akasema.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Kati ya mbegu nane, vikabaki vibuyu vitatu, na kimoja kikawa kikubwa. Kiangazi kilipoingia tulikikata, tukakitoboa, tukakijaza maji mpaka nyama yake ikaoza, ikanuka hata wa darasa la saba wakalalamika. Tulikisafisha kwa kokoto. Yule msichana ndiye aliyeongoza. Wakati huo alikuwa darasa la nne, na anaandika kwa mkono wa kushoto. Alionyesha wenzake namna ya kukitikisa, akang'oa nyasi za kufukizia, akasuka ngata kwa vidole vitatu na meno. Tulipima ujazo wake kwa chupa ya nusu lita, chupa kwa chupa, watoto wakihesabu kwa sauti, naye akiandika ubaoni. Nilipopita nyuma yake kuchukua chaki aliacha kuandika mpaka nilipokwisha kupita. Niliona, nikajifanya sikuona. Nilijiambia, mwaka umepita, taratibu tu atasahau.

Siku ya kukipeleka tulitoka wawili, mchana, baada ya masomo. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikavaa gauni langu la kanisani. Alitembea mbele amekikumbatia. Njiani nilizungumza sana. Nilimwambia bibi atafurahi. Nilimwambia yeye ndiye mwanafunzi wangu bora, na nilisema kweli. Aliitikia, "Ndiyo, madam," kila mara, bila kugeuka.

Karibu na kwao kuna mteremko wa kokoto. Mguu wake ukateleza, akayumba, na kibuyu kikayumba naye. Nikaruka hatua moja, nikanyoosha mkono nimpokee mzigo.

Akanigeuzia mgongo. Akapiga magoti kwenye kokoto, akajikunja juu ya kibuyu, kichwa chake wazi kabisa, vidole vile viwili vilivyopinda vikiwa juu ya mdomo wa kibuyu.

"Napokea tu, mama," nikasema. "Napokea tu."

Alikuwa amefumba macho, anasubiri ya kwanza.